Mgeni hakwami kwenye kubofya, anakwama kwenye kuamua

Swali la msomaji: Nimeandika maelekezo ya kuweka Ubuntu 24.04, mfumo wa uendeshaji wa Linux, kwa watu ambao maisha yao yote wametumia Windows. Nimeyabana hadi hatua kumi na mbili, ukurasa mmoja tu. Hata hivyo kila wiki napigiwa simu na watu waliokwama, na mmoja amefuta picha zake zote. Nikiyarefusha, naambiwa ni marefu mno, hayasomeki. Niyafanyeje ili yaeleweke na mtu anayeanza?

Jibu:

Urefu si ugonjwa wa maelekezo yako. Ukurasa mmoja unaweza kumpoteza mtu na kurasa sita zikamfikisha; inategemea umemwacha njia panda mara ngapi. Nimeyasoma yote, na hatua ya 4 peke yake inatosha kueleza zile simu. Umeandika: "Tengeneza flashi ya kuwashia, ingia BIOS, zima Secure Boot ikibidi, kisha chagua flashi." Hizo ni kazi nne ndani ya sentensi moja, zenye maneno mawili mageni (BIOS ni mipangilio ya msingi ya kompyuta, Secure Boot ni ulinzi wake wakati wa kuwaka), na katikati yake umeweka neno "ikibidi". Wewe unajua inabidi lini. Yeye atajuaje? Basi atabahatisha, au atakupigia.

Kwa hiyo usianze kwa kuhesabu maneno. Pitia ukurasa wako ukiwa na kalamu, uzungushie duara kila mahali ambapo msomaji anatakiwa kuamua jambo: achague programu ipi, bonyeze kitufe kipi, akubali au akatae. Kwenye kila duara jiulize kama umempa cha kuamulia. Kama hujampa, yapo mawili: mwamulie wewe, au mwonyeshe alama ya kuangalia kwenye skrini yake inayomwambia aende upande gani.

Mara nyingi mwamulie wewe. Angalia ni akina nani wanaokusoma siku hizi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazipokei Windows 11, ama kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0, ama kwa kuwa prosesa yake haimo kwenye orodha ya Microsoft. Wenye kompyuta hizo ndio wanaobisha hodi kwako. Hawakuja kujifunza Linux, wamekuja ili mashine yao isiwe chuma chakavu. Ukiwaambia "tumia Rufus, balenaEtcher, Ventoy au dd", kama ulivyoandika kwenye hatua ya 2 kuhusu kuandaa flashi, unadhani umewapa uhuru. Wao wanaona mtihani wa maswali manne ambao hawakuusomea. Baki na Rufus, kwa kuwa wanatoka Windows, na nyingine tatu zifute bila huruma. Amri ya dd usimtajie mgeni kabisa. Haiulizi "una uhakika?", na herufi moja ikikosewa kwenye jina la diski, inaandika juu ya kila kitu cha mwenyewe.

Kuna jambo ambalo karibu waandishi wote wa maelekezo haya hulisahau: mtu anayasoma kwenye kompyuta ileile anayotaka kuibadilisha. Akifika hatua ya kuizima na kuiwasha, maelekezo yametoweka pamoja na Windows. Mstari wa kwanza kabisa uwe: "Fungua ukurasa huu kwenye simu, au uchapishe kwenye karatasi." Ukishajua kwamba anasoma kwenye simu, utaacha pia kuweka majedwali mapana na picha za skrini nzima ambazo maandishi yake hayaonekani bila kukuzwa.

Sasa huyo aliyefuta picha zake. Onyo lako lipo, nimeliona, mwishoni mwa hatua ya 9: "Kumbuka kuhifadhi nakala ya mafaili yako kabla ya hatua hii." Huo ni mlango uliofungwa baada ya ng'ombe kutoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, John Carroll na wenzake huko IBM waliwatazama watu wakijifunza kutumia kompyuta za kuandikia, na walichokiona kinajulikana na kila aliyewahi kumfundisha mtu kompyuta: msomaji hasomi akamaliza ndipo atende. Anasoma nusu, mkono unaondoka, kisha anarudi kusoma pale tu mambo yanapoharibika. Kwa hiyo onyo lisemwe kabla ya kitendo, na ni bora zaidi likiwa kitendo lenyewe. Usiandike "kumbuka kuhifadhi". Andika: "Nakili folda za picha na nyaraka kwenye diski ya nje. Ichomoe, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, fungua picha mojawapo. Ikifunguka, endelea. Isipofunguka, usiendelee." Mtu hawezi kuiruka hatua hiyo kwa kuitikia kichwa.

Kwenye sehemu hiyohiyo ya maandalizi, ongeza suala la BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, kwa sababu hatua yako ya 4 inaweza kumwingiza mtu shimoni bila wewe kujua. Laptopu nyingi zinazokuja na Windows 11 diski yake imefungwa kwa usimbaji tangu siku mwenyewe alipoingia na akaunti yake ya Microsoft, na yeye hana habari. Akienda kuzima Secure Boot kama ulivyomwambia, Windows inaweza kuwaka safari inayofuata ikidai ufunguo wa tarakimu 48 ambao hajawahi kuuona. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Mwambie autafute na kuuandika kwenye karatasi mapema, wakati kompyuta bado inawaka vizuri.

Na kwa nini azime Secure Boot? Ubuntu inawaka nayo ikiwa imewashwa, tangu toleo la 12.10 la mwaka 2012. Ushauri wa kuizima ni wa zamani, unarithishwa kutoka mwongozo hadi mwongozo bila mtu kuuliza ulitoka wapi. Ukiufuta unaondoa duara moja la uamuzi, unaondoa safari nzima ya kuingia BIOS, na unaondoa hatari ya zile tarakimu 48. Kuna wakati maelekezo huwa rahisi kwa kuondoa kitu, wala si kwa kukieleza vizuri zaidi.

Ndiyo, safari ya BIOS yenyewe haina lazima. Mgeni anachohitaji ni kuiambia kompyuta "safari hii waka kwa flashi". Hapo ndipo miongozo mingi huandika "bonyeza F2, F10, F12, Del au Esc, inategemea kompyuta yako", na mtu anabaki akigonga vitufe vitano kwa zamu huku nembo ya kampuni ikipita na Windows ikifunguka kama kawaida. Kwa anayetoka Windows 10 au 11 ipo njia isiyo na mbio hizo. Ningeiandika hatua yako ya 4 hivi:

"4. Chomeka flashi uliyoiandaa. Ukiwa ndani ya Windows, fungua menyu ya Start na ubofye alama ya kuzimia kompyuta. Shikilia kitufe cha Shift kwenye kibodi bila kukiachia, kisha bofya Restart.

Utaona: skrini ya bluu yenye maneno Choose an option.

5. Bofya Use a device. Kwenye orodha itakayotokea, chagua mstari wenye neno USB au jina la kampuni ya flashi yako.

Utaona: kompyuta inazima na kuwaka yenyewe, kisha skrini nyeusi yenye mistari michache ya maandishi. Wa juu unasema Try or Install Ubuntu. Bonyeza Enter.

Usipoona Use a device: zima kompyuta. Iwashe huku ukigonga F12 mfululizo (Dell, Lenovo), Esc kisha F9 (HP), au Esc (laptopu za ASUS) hadi orodha ya kuchagua kifaa itokee.

Windows ikifunguka tena kama kawaida: hujaharibu kitu. Rudia hatua ya 4."

Ni ndefu kuliko mstari wako mmoja, lakini hakuna atakayelalamika kwamba ni ndefu, kwa sababu kila sentensi ni kitu cha kufanya au cha kuangalia. Wanaposema maelekezo ni marefu, mara nyingi wanalalamikia historia ya Linux na faida za programu huria ulizoziweka mwanzoni. Hizo ziondoe. Aliyefika kwako ameshashawishika.

Hayo maneno "Utaona" ndiyo yanayofanya kazi kubwa. Anayeanza hajui kama kinachotokea mbele yake ni kawaida au ni ajali. Skrini ikiwa nyeusi kwa sekunde ishirini, wewe unasubiri, yeye anabonyeza kitufe cha umeme. Mwambie mapema kwamba itakuwa nyeusi. Mwambie kwamba mstari wa maendeleo unaweza kusimama dakika kadhaa hadi adhani umeganda, na kwamba laptopu iwe kwenye chaja muda wote huo. Skrini ikibaki nyeusi kabisa, awashe upya na kuchagua mstari wenye maneno safe graphics. Mwambie pia kwamba neno la siri, akilichapa kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), halionyeshi hata nukta. Nawafahamu watu waliodhani kibodi imekufa.

Andika maneno ya kwenye skrini kama yalivyo, herufi kwa herufi, hata kama maelezo yako ni ya Kiswahili na skrini ni ya Kiingereza. Ukiandika "chagua kufuta diski", ataitafuta "kufuta diski" na hataiona. Mpe "Erase disk and install Ubuntu", halafu mweleze kwa Kiswahili kitakachotokea akiibofya: Windows, picha, muziki, kila kitu kilichomo kwenye diski hiyo kinaondoka na hakirudi. Na hapo mpe alama za kuamulia. Kama anataka kubaki na Windows, achague mstari wenye neno alongside. Kama mstari huo haupo kabisa, asiendelee, akupigie. Simu ya namna hiyo ni ya heri. Chaguo la tatu, Manual installation, sema wazi kwamba si lake.

Sasa vitu vidogo ambavyo macho yako yamezoea kuvipita. Jina la faili la kupakua lina neno amd64. Mwenye laptopu ya Intel analiona, anarudi nyuma, anatafuta la Intel, halipo, anakwama. Sentensi moja inatosha: amd64 ni kwa kompyuta za kawaida za biti 64, za Intel na za AMD sawasawa, jina lilibaki hivyo kwa kuwa AMD ndiyo iliyobuni mfumo huo na kuutoa na prosesa zake za Opteron mwaka 2003. Hiyo 24.04 nayo ni mwaka na mwezi, Aprili 2024. Mgeni akikuta kwenye ukurasa wa kupakua kuna toleo lenye namba kubwa zaidi, atadhani lako limepitwa. Mwambie achukue lile la 24.04 lenye herufi LTS, linalopata masasisho kwa miaka 5. Mtajie pia kwamba faili lina karibu gigabaiti 6, asije akaanza kulipakua kwa kifurushi cha simu kinachoisha katikati.

Flashi ya GB 16 haionyeshi 16. Windows itasema 14 na ushee, kwa kuwa mtengenezaji anahesabu gigabaiti kwa bilioni na Windows inahesabu kwa vipimo vya 1024. Ukiandika "chagua flashi yako ya GB 16", kuna mtu atakayeogopa kwamba hiyo ya 14 ni kitu kingine, na kuna mwingine atakayechagua diski ya nje aliyohifadhia picha. Kwa hiyo: "Chomoa diski na flashi nyingine zote. Ibaki moja tu." Ikibaki moja, hakuna cha kuchagua.

Kwenye dirisha la Rufus kuna visanduku vingi, na kila kimoja kinamtisha. Mwambie aguse vitatu tu: Device, kitufe cha SELECT, na START. Vingine aviache vilivyo. Likitokea dirisha la ISOHybrid, akubali lililoandikwa Recommended. Mkazie kwamba kulikokota faili la ISO, yaani lile la Ubuntu alilolipakua, na kulidondosha ndani ya flashi hakutoshi. Hilo ni kosa la kawaida kuliko yote, na si ujinga: ndivyo alivyowahi kunakili mafaili yake maisha yote. Na kama siku moja utahamia Etcher, jiandae na jingine: baada ya kumaliza, Windows inaweza kusema flashi inahitaji Format. Anayetii anafuta kazi yote. Andika "bofya Cancel".

Uhakiki wa SHA256, yaani wa kujua kama faili lililopakuliwa ni zima, ningeuweka, lakini kwa kifupi: amri moja ya certutil (imo ndani ya Windows) ya kunakili, mfano wa herufi na tarakimu 64 zitakazotokea, na wapi azilinganishe na zile za tovuti. Faida yake kwa mgeni ni kugundua faili lililopakuliwa nusu kabla ya kupoteza jioni nzima. Na amri zote ziwekwe ndani ya sanduku la msimbo, bila alama ya $ mbele, kwa sababu atainakili pamoja nayo. Ukiziandikia kwenye Word, angalia isije ikageuza vistari viwili kuwa kistari kimoja kirefu. Amri itakataa na hakuna atakayeona tofauti kwa macho.

Mwisho wa ukurasa wako kuna sehemu ya "Matatizo mengine". Ivunje. Kila tatizo lihamie chini ya hatua linapotokea, na lianze kwa kile anachokiona, siyo kwa jina la chanzo. Mtu hajui kwamba ana tatizo la Intel RST, mfumo wa Intel wa kusimamia diski. Anachojua ni kwamba kisakinishi hakioni diski yoyote, au kinamtajia RST na kumzuia. Andika "Usipoona diski yoyote kwenye orodha", kisha ueleze. Kwa mgeni ningeishia hapo kwa kumwambia asimame na kuomba msaada, maana kubadili mpangilio huo kwenye BIOS bila kuitayarisha Windows kunaweza kuifanya isiwake tena. Si lazima maelekezo yafike kila mahali, ila yaseme wazi yanapokomea.

Juu kabisa ya ukurasa weka tarehe na toleo ulilolijaribu. Miongozo ya zamani haifi. Chukua Debian, mfumo mwingine wa Linux: hadi Debian 11, kisakinishi rasmi hakikuwa na firmware (programu ndogo za kuendeshea vifaa) zisizo huria, na watu walifundishwa kutafuta nakala nyingine ili waifai ifanye kazi. Debian 12 ilipotoka Juni 2023 zikawekwa ndani moja kwa moja, lakini ushauri ule wa zamani bado unazunguka. Maelekezo yasiyo na tarehe humfanya msomaji ashindwe kujua kama amekosea yeye au umechakaa ukurasa.

Kuhusu kuyajaribu: najua uliyajaribu ndani ya VirtualBox, kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, picha zako zinaonyesha. VirtualBox ni mahali pa raha mno. Diski moja tupu, hakuna Windows, hakuna BitLocker, hakuna flashi. Mambo yote yanayowaangusha wasomaji wako huko hayapo. Tafuta laptopu halisi yenye Windows, na mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hii, umpe ukurasa, ukae nyuma yake na ufunge mdomo. Hilo la mwisho ndilo gumu. Akikuuliza "hapa nafanyaje?", usimjibu mara moja, andika ni hatua ya ngapi na alikuwa anaangalia nini, ndipo umsaidie. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu na tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo. Usingoje wote watano ndipo urekebishe. Mtu wa kwanza atakupa kazi ya wiki nzima, na wa pili aje akute ukurasa uliokwisha kurekebishwa.

Jambo la mwisho ni hatua yako ya 12, inayosema "Umemaliza, furahia!" Kisakinishi hakimalizi hivyo. Kinamwambia achomoe flashi na kubonyeza Enter. Asipoichomoa, kuna kompyuta zitakazowaka tena kwa flashi ileile, na atakutana na Try or Install Ubuntu kwa mara ya pili. Atadhani kazi haikufanyika, ataanza upya, na kuna wanaorudia hivyo mara kadhaa kabla ya kukutafuta. Mwandikie: "Chomoa flashi sasa. Utaona: skrini yenye jina lako na sehemu ya kuandika neno la siri. Ukiona tena Try or Install Ubuntu, flashi bado imechomekwa. Ubuntu imeshaingia, usiiweke upya."